Zulia la Nain la "shish-la": mji lilikotoka, nyuzi za kuhesabu, na namna ya kulitunza Pwani

Swali: *Assalaam alaykum. Niko Muscat, kwetu ni Tanga. Duka moja hapa limenionyesha zulia la mita 2 kwa 3, rangi ya maziwa na buluu. Wanasema ni la Nain, "shish-la", lina hariri, limefumwa kwa mkono na lina umri wa miaka 40. Nataka kumpelekea mama nyumbani. Nain ni wapi? Hiyo "shish-la" ni nini? Nitajuaje kama nadanganywa, na je, zulia la namna hiyo litahimili hewa ya Tanga?*

Wa alaykum salaam, dada. Nianze na lile litakalokufaa ukiwa dukani. Jina la mji huwezi kulithibitisha kwa macho, lakini hiyo "shish-la" unaweza kuithibitisha mwenyewe kwa kucha zako na rula ya mtoto wa shule, tena haitakuchukua hata robo saa. Kwa hiyo lipia kile ulichokihesabu, jina liwe nyongeza.

Nain ni mji mdogo wa mkoa wa Isfahan, katikati ya Iran, kiasi cha kilomita 140 mashariki mwa jiji la Isfahan, kwenye njia ya Yazd, pale ambapo jangwa linaanza. Wakazi wake hawafiki 30,000. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, mvua ni haba, na maji yake ya tangu zamani yanatoka kwenye mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi. Waajemi wanaiita qanat. Wewe uliyeko Oman unaijua ndugu yake, falaj. Katika kitongoji cha Mohammadieh, kilomita chache kutoka mjini, kuna kinu cha nafaka kiitwacho Rigareh kilichojengwa chini kabisa ya ardhi ili maji ya mfereji yakizungushe kabla ya kwenda mashambani.

Ukongwe wa mji huu hauna shaka. Ngome yake ya matofali ya udongo, Narin Qal'eh, imekuwapo tangu kabla ya Uislamu. Msikiti wake wa Ijumaa ni wa karne ya 10, mmoja wa misikiti ya zamani zaidi Iran. Nguzo na mihrabu yake zimefunikwa kwa jasi iliyochongwa majani ya mzabibu na maua, na mimbari yake ya mbao ina tarehe ya mwaka 711 Hijria, yaani 1311. Chini ya ua wa msikiti kuna ukumbi wa kuswalia wakati wa joto na wa baridi kali, nao hupata mwanga kupitia vibao vya jiwe linalopenyeza nuru, vilivyopachikwa kwenye sakafu ya juu. Wazee wa mji bado wana lugha yao, Kinaini, ambayo si Kifarsi cha redioni.

Sasa angalia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mji ni wa kale, lakini mazulia yake ni ya juzi. Kwa muda mrefu kazi iliyowapa watu wa Nain na Mohammadieh jina ilikuwa kufuma aba, vazi la juu la wanaume, jamaa ya joho na bushuti tunazozijua Pwani. Aba ilifumwa kwa sufu na manyoya ya ngamia, katika karakana zilizochimbwa ardhini, kwa sababu ubaridi na unyevu wa pangoni huufanya uzi mwembamba usikatike ovyo. Mwaka 1928 serikali ya Reza Shah, mfalme wa Iran, ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume kuvaa mavazi ya Kizungu, isipokuwa mashekhe na wachache wengine. Soko la aba likaanguka. Wafumaji waliobaki na ujuzi wa uzi mwembamba mno wakaugeuzia kwenye mazulia. Bingwa anayetajwa kuliko wote katika kazi hiyo ni Fathollah Habibian, na saini yake imeghushiwa mara nyingi kiasi kwamba ukiiona kwenye zulia usiichukulie kuwa ushahidi wa chochote.

Kutokana na historia hiyo unapata kipimo cha kwanza. Akija mtu na "zulia la Nain la miaka 150", mwache, kwa sababu miaka hiyo Nain ilikuwa inafuma aba. Lako la miaka 40 linawezekana, na nitakuonyesha jinsi ya kulikagua.

Kipimo cha pili ni hiyo "la". Kwa Kifarsi la ni tabaka, au uzi mmoja mmoja ndani ya uzi uliosokotwa. Shish ni sita, chahar ni nne, noh ni tisa. Uzi wa mtande wa zulia, yaani ule wa pamba ulionyoshwa kwenye kitanda cha mfumi toka juu hadi chini, umesokotwa kwa nyuzi ndogo 4, 6 au 9. Zikiwa chache, mtande unakuwa mwembamba, mitande inakaa karibu zaidi, mafundo yanakuwa madogo na ua linachoreka kwa ustadi zaidi. Kwa hiyo hapa namba ndogo ndiyo bora: chahar-la ni ya juu, shish-la ni nzuri sana, noh-la ni ya kawaida na ndiyo nyingi zaidi sokoni.

Matamvua ya zulia la kweli ni ncha za mtande wenyewe, ndiyo maana yanakuambia ukweli. Shika tamvua moja lililofungwa, chagua uzi mmoja tu, usichukue fungu zima. Ubane kwa kucha za mikono miwili na uuzungushe kinyume cha msokoto wake. Utafunguka kwanza kuwa kamba ndogo mbili au tatu. Chukua kamba ndogo moja uifungue tena na uhesabu nyuzi zake. Kamba 3 zenye nyuzi 2 kila moja ni 6. Kamba 3 zenye nyuzi 3 ni 9. Kamba 2 zenye nyuzi 2 ni 4. Ukimaliza lowesha vidole kidogo, usokote uzi kama ulivyokuwa, hakuna atakayejua umeugusa. Fanya hivyo kwa nyuzi tatu mahali tofauti, kwa sababu ncha iliyochakaa hupoteza uzi mmoja na kukudanganya. Udanganyifu wa kawaida zaidi katika biashara hii ni noh-la kuuzwa kama shish-la, na mnunuzi asiyefungua uzi hana namna ya kulijua hilo.

Kama matamvua yameshonwa kwa cherehani kwenye ukingo, hayana cha kukuambia. Inaweza kuwa zulia lilichakaa ncha likatengenezwa, jambo lisilo na aibu, au ni la mashine. Hapo geuza zulia uangalie mgongo.

Mgongoni michoro inapaswa kuonekana wazi karibu sawa na usoni, kila fundo likiwa kama punje ndogo. Weka rula, hesabu mafundo katika sentimita 10 kwa upana, kisha katika sentimita 10 kwa urefu, uzidishe. Ukipata 70 kwa 70, hayo ni mafundo 4,900 katika mraba wa sentimita 10, sawa na 490,000 kwa mita ya mraba. Shish-la ya kuaminika huangukia kati ya 65 na 80 katika kila sentimita 10. Noh-la huwa kati ya 50 na 60. Kuanzia 85 kwenda juu uko kwenye chahar-la. Muuzaji akikutajia "raj", anazungumzia idadi ya mafundo katika karibu sentimita 7, kwa hiyo raj 50 ni takriban mafundo 7 kwa sentimita moja. Hesabu ya mafundo na hesabu ya "la" lazima zikubaliane. Zikipingana, kwa mfano uzi unasema 6 lakini mafundo ni 48, kuna jambo.

Na jambo lenyewe mara nyingi ni fundo la jufti. Fundo halali linashika mitande miwili. Mfumaji aliyebanwa na muda, au anayelipwa kwa kipande, hushika mitande minne kwa fundo moja, na kazi inapungua nusu. Kwa macho ya juu juu zulia linaonekana lile lile, ila manyoya yanakuwa machache na sehemu hiyo huchakaa mapema, michoro inafifia ndani ya miaka michache. Jufti hupenda kujificha kwenye uwanja wa rangi moja, pale ambapo hakuna ua la kumsaliti. Kwa hiyo usihesabu katikati ya maua peke yake. Hesabu pia kwenye eneo tupu la rangi ya maziwa. Ukiona mafundo ya upana ni nusu ya yale ya urefu, au punje za mgongoni zinaonekana pana kama mbegu za maboga badala ya mviringo, ndiyo hiyo.

Ili ujue kwa nini namba hizi zinabeba bei, fanya hesabu ya zulia lako. Mita 2 kwa 3 ni mita za mraba 6. Kwa mafundo 490,000 kila mita, ni mafundo 2,940,000. Mfumaji mzoefu akifunga mafundo 8,000 kwa siku, hiyo ni siku 367 za kazi za mtu mmoja, bila kuhesabu kutia rangi, kupanga mtande, kunyoa na kuosha. Kila fundo limefuata mraba mmoja kwenye karatasi ya ramani, na kwa zulia lenye duara la katikati karatasi hiyo huwa na robo tu ya mchoro; robo nyingine tatu mfumaji anazigeuza kichwani.

Nikueleze kidogo linavyojengwa, maana kasoro zote zinatokana na hapo. Kitanda cha mfumi husimama wima. Mfumaji huanza kwa ukanda mwembamba wa kitambaa usio na manyoya ili kushika ncha. Kisha huja safu ya mafundo: uzi wa sufu unazungushwa mtande mmoja kikamilifu na kupita nyuma ya wa pili, unavutwa chini na kukatwa kwa kisu. Safu ikiisha unapitishwa mshindio (uzi unaokatiza mtande) mnene ulionyooka na kukazwa, halafu mshindio mwembamba unaopita kwa mawimbi, na vyote vinagongwa kwa chanuo zito la chuma liitwalo dafteh. Ule mshindio mnene ndio unaosukuma mtande mmoja mbele na mwingine nyuma, ukalipa zulia ugumu wake. Ukilikunja kwa mkono linapaswa kukataa kidogo, lisilegee kama shuka.

Kugonga kusipokuwa sawa, mchoro unavutika. Pima lile duara la katikati, waliloliita toranj. Kama ramani ilikusudia mviringo, upana na urefu wake ziachane kwa sentimita mbili tatu tu. Duara lililogeuka yai linaonyesha mkono wa harakaharaka. Mtande usipokazwa sawasawa, ncha moja ya zulia inakuwa pana kuliko nyingine au kingo zinajikunja. Pima upana mahali pa tatu, halafu pima kona kwa kona. Zulia la mita 2 kwa 3 lililonyooka lina mita 3.61 kwa kila mshazari. Mishazari ikitofautiana kwa sentimita 3 au 4, vumilia, ni kazi ya mkono. Ikitofautiana kwa 10, zulia limepinda na halitanyooka tena kwa kukanyagwa.

Tuje kwenye hariri. Katika zulia la Nain hariri ni ya mapambo: inazungushia mistari ya maua na majani, wakati mwingine inajaza maua madogo. Uwanja ni sufu, ile laini ya kondoo wachanga iitwayo kork, na mtande ni pamba. Muuzaji akisema "lote hariri" au uso wote ukimetameta kama kioo, huenda umeona viskosi (hariri bandia ya kiwandani) au pamba iliyong'arishwa. Njia ya kujua ni kuchoma. Omba ruhusa, chomoa manyoya mawili matatu kutoka kwenye mstari mweupe wa ua, uyachome kwa kiberiti juu ya sahani. Hariri hunuka nywele zilizoungua, hujikunja, na majivu yake hupondeka vidoleni. Viskosi na pamba huwaka haraka na kunuka karatasi. Tafadhali usichome tamvua. Watu wengi hufanya hivyo, wanapata harufu ya karatasi na kulikataa zulia zuri, kumbe tamvua lilikuwa pamba tangu mwanzo na ndivyo inavyotakiwa.

Rangi, kwa jadi ya Iran, ilitoka kwenye nili kwa buluu, mzizi wa ronasi kwa nyekundu, ganda la komamanga na ganda la jozi kwa manjano na kahawia, sufu ikichemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike. Lakini Nain ilipoanza kufuma, rangi za kiwandani zilikuwa zimeshafika Iran, na mazulia mengi mazuri ya Nain yamezitumia. Zile nzuri hudumu. Kwa hiyo usibabaike na maneno "rangi za asili". Swali lako liwe moja: inachuja au haichuji? Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kisugue kwenye buluu iliyokoza na nyekundu kwa nusu dakika. Kitambaa kikibeba alama nzito, usinunue, kwa maana siku zulia likimwagikiwa maji buluu yote itahamia kwenye rangi ya maziwa. (Rangi yenyewe, na pamba pia, ni maneno tuliyopata kwa Waajemi: wao wanasema rang na panbe. Ukitamka hayo mawili mbele ya muuzaji Mwajemi, atakuelewa.)

Kuhusu miaka 40. Tenganisha manyoya kwa vidole uone mizizi yake. Zulia lililozeeka kwa matumizi lina rangi iliyokolea kidogo chini na kufifia taratibu kuelekea juu. Likiwa na mstari mkali, juu rangi nyingine na chini nyingine, limepigwa kemikali kulizeesha. Fungua fundo moja la tamvua: ndani pamba inapaswa kuwa nyeupe kuliko nje. Kama ndani na nje ni hudhurungi ileile, lilichovywa chai au dawa. Pitisha pia kiganja mgongoni ukitafuta wino wa kalamu uliopakwa kuficha mtande unaochungulia. Mwisho, na hili usiliache hata muuzaji akinuna: kunja sehemu ndogo, mgongo kwa mgongo, karibu na sikio, hasa kwenye kona. Ukisikia mlio wa tik-tik kama kijiti kikavu, pamba imeoza kwa unyevu. Zulia hilo litapasuka, na hakuna fundi wa kurudisha mtande uliooza.

Je, ni la Nain yenyewe? Mtindo huu wa rangi ya maziwa, buluu na mistari ya hariri unafumwa pia Tabas, mji wa jangwani mashariki zaidi, na mengi ya mazulia ya noh-la yanayoitwa ya Nain yametoka huko. Tudeshk, njiani kati ya Isfahan na Nain, hutoa kazi nyembamba sana. Kuna pia nakala za India, Pakistani na China, nyingine zikiwa za mkono na za heshima, ila bei yake lazima iwe nyingine. Za mashine ni rahisi kuzikamata: ukingo umeshonwa sawasawa kama mkeka wa kiwandani, na mgongo una mistari iliyonyooka isiyo na kosa hata moja. Muuzaji akikupa sifa ya "shaneh 700" au "shaneh 1,200", anakuambia bila kujua kwamba ni la mashine, kwani shaneh ni kipimo cha viwanda vya Kashan na jirani zake. Na ukikuta mgongo umebandikwa turubai kwa gundi, hilo halina fundo hata moja. Manyoya yamechomekwa kwa bunduki ya mkono.

Ukiridhika, mwambie muuzaji akuandikie kwenye risiti: asili, idadi ya la, vipimo, sufu na hariri, na hali. Anayeuza kwa uaminifu hakatai kuandika. Na kama katika ukoo wenu kuna mtu Marekani mnayefikiria kumtumia siku za mbele, fahamuni kwamba tangu 2018 mazulia yenye asili ya Iran yamerudi kwenye marufuku ya kuingizwa huko.

Sasa Tanga. Zulia linaweza kuishi Pwani, dada, lakini limezaliwa kwenye hewa kavu na adui yake wa kwanza kwetu ni unyevu, kuliko hata uchafu. Sufu inavumilia. Pamba ya mtande ndiyo inayooza, kimyakimya, chini.

Kwa safari, lizungushie kwenye bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha angalau sentimita 10, ukifuata uelekeo wa manyoya. Lisikunjwe kama blanketi, maana mkunjo uliokaa wiki kadhaa chini ya mzigo huvunja mtande. Funika kwa shuka la pamba, kisha nailoni juu kwa ajili ya chombo. Siku likifika, mama aondoe nailoni siku hiyohiyo. Zulia lililobaki ndani ya nailoni stoo hufanya jasho, na kuvu huingia.

Sakafu ya sementi hupumua maji, hasa vyumba vya chini na nyumba zisizo na karatasi ya kuzuia unyevu chini ya zege. Jaribu hivi kabla ya kutandika: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kwenye sakafu kwa utepe, pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, chumba hicho hakifai. Kama ni pakavu, weka chini ya zulia zulia jembamba la sufu iliyogandamizwa, si sponji ya mpira ambayo hushika joto na kugandia. Na siku sakafu inapodekiwa, zulia likunjwe nusu, pasubiriwe pakauke kabisa ndipo lirudishwe. Nyumba nyingi hudeki kila asubuhi na kusukuma tambara hadi ukingoni mwa zulia. Maji hayo ya kila siku, yakiwa na dawa ya kuua wadudu, ndiyo yanayoua matamvua na kona.

Mchanga nao. Punje za mchanga hushuka hadi mizizi ya manyoya na kuikata kama msumeno kila mtu anapokanyaga. Viatu vivuliwe mlangoni, kama ilivyo desturi. Zulia lipitishwe mashine ya kufyonza vumbi mara moja kwa wiki, brashi inayozunguka ikiwa imezimwa, kwa kufuata manyoya, bila kugusa matamvua. Kama mashine haipo, ufagio laini wa njukuti unatosha, na kila mwezi ligeuzwe uso chini, lipigwe taratibu mgongoni kwa kiganja, mchanga udondoke. Kila miezi sita lizungushwe, kichwa kiende miguuni, ili jua la dirishani na njia ya watu visile upande mmoja.

Nondo hawapendi mwanga wala usumbufu. Hutaga mayai chini ya kochi na kabati, pale zulia lisipoguswa mwaka mzima. Huyo kipepeo mdogo hali kitu, viwavi ndio wanaokula sufu. Kila baada ya miezi mitatu mama ainue samani, aangalie kama kuna vijifuko vyeupe kama punje za mchele na alama za kunyolewa. Akiviona, alifyonze zulia pande zote mbili, alianike mgongo juu kwenye jua la asubuhi kwa saa mbili, na arudie baada ya wiki mbili kwa sababu ya mayai. Karafuu zinanukia vizuri na zinaweza kumkwepesha nondo asiingie, lakini haziui mayai yaliyokwisha kutagwa.

Kikimwagika kitu, kitambaa cheupe kikavu kibandikwe na kukandamizwa, kibadilishwe, tena na tena, bila kusugua. Kisha maji baridi kidogo na kitambaa, halafu feni juu na chini hadi pakauke. Sabuni ya unga ya kufulia na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe zisikaribie. Sufu na hariri ni jamaa wa nywele. Magadi na klorini huziyeyusha, na athari haionekani siku hiyo bali mwaka wa pili manyoya yanapoanza kukatika.

Na msilipeleke kwenye sehemu za kuoshea magari. Pale hupigwa maji ya presha, hupakwa sabuni kali, hukwanguliwa kwa brashi, kisha hutundikwa ukutani likiwa limejaa maji. Maji ya presha hung'oa hariri, uzito wa maji hulivuta likapinda, na mtande hukaa mbichi siku tatu nne. Likitunzwa hivyo nilivyoeleza, kuosha kamili kunatosha mara moja katika miaka 4 au 5, kwa fundi anayejua sufu, akitumia maji baridi na sabuni laini isiyo na magadi, akilikausha likiwa limelala juu ya fito zilizoinuliwa, upepo ukipita chini, na likakauka ndani ya siku moja. Hapo Tanga, miezi ya Januari na Februari kukiwa na kaskazi na jua ndiyo ya kazi hiyo. Wakati wa masika liacheni na vumbi lake.

Kabla hujalipa, nenda dukani asubuhi, omba zulia litolewe mlangoni penye mwanga wa jua, lizungukeni kutoka pande zote mbili. Upande mmoja litaonekana jeupe na upande wa pili litakuwa limekoza. Hiyo si kasoro. Ni manyoya yamelala upande mmoja, na ukitandika, upande uliokoza uelekee mlango, ili mgeni anayeingia auone huo kwanza.